Ua la Mbololo linauzwa Malindi: ninunue?

Mama Swaleh, Malindi
Assalaam alaykum. Nina chungu cha saintpaulia, lile ua waliitalo African violet, dirishani, mwaka wa nne sasa. Majani yake yana malaika laini kama shavu la mtoto mchanga, na kila asubuhi nayakagua kabla ya chai. Jana muuza miche mmoja kanijia na kikapu. Ndani mna mashina matano yamefungwa kwa magomba makavu, mizizi bado imeng'ang'ania kuvumwani mbichi na vipande vya jiwe. Asema ni ya porini, kutoka Mbololo, Taita. Shilingi 800 shina moja. Moyo wayataka, lakini ile mizizi imenitia simanzi. Nikinunua nitakuwa nimeyaokoa?

Mghoi
Shikamoo mama. Tafadhali usinunue. Kwetu ndiko huko. Hilo ni teitensis, aina mojawapo ya saintpaulia, na makao yake ni msitu wa Mbololo tu, kwenye miamba yenye kivuli na ukungu. Miti ikikatwa juu yake, jua linaukausha mwamba, na ua linakufa. Ukinunua matano leo, wiki ijayo atang'oa kumi. Hilo lako la dirishani ni jamaa yake wa Tanga na Usambara. Jina saintpaulia latokana na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya huko Tanga. Alipewa heshima hiyo 1893. Nalo linaoteshwa kwa jani, hakuna haja ya kung'oa.

Fundi Bustani, Kilifi
Naunga mkono. Na si Taita peke yake, hata hapa kwetu Kaloleni iko aina yake, rupicola, kwenye mawe ya chokaa, nayo imo hatarini. Mama, kata jani zima na kikonyo chake, kama sentimita 3, ulichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Lisipigwe na jua. Baada ya miezi miwili mitatu utaona vitoto chini yake.

Mama Swaleh, Malindi
Ahsanteni wanangu. Bwana yule karudi alasiri, nikamwambia sichukui, na nikamweleza kwa nini. Kanisikiliza mpaka mwisho, akaondoka na kikapu chake. Yale mashina yalikuwa yamelegea tayari. Nimekata majani matatu ya langu. Mchanga wa ufukweni wafaa?

Fundi Bustani, Kilifi
La, mama, una chumvi. Chukua wa mto Sabaki, uuoshe, na umwagilie maji ya mvua, si ya kisima.