Mliowahi kuuguza mtu muda mrefu: imani iliwasaidia nini hasa?

Kitinda_Mimba: Habari zenu. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki sawasawa. Mimi ndiye ninayemlisha, kumwogesha na kumbadilisha. Kila anayekuja kumwona ananiambia "muombe Mungu", kisha huyo, kaondoka. Naomba. Ila siku hizi nikipiga magoti naishia kusinzia. Mahubiri sitaki. Aliyewahi kuuguza aniambie, imani ilimsaidia nini kwa vitendo?

Bi Mkubwa: Pole sana mwanangu. Mume wangu naye alilazwa na kiharusi mpaka akatangulia mbele ya haki. Jibu la "kwa nini sisi" sikulipata, na nimeacha kulitafuta. Nilichopata ni ratiba. Usicheke! Mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda mgongoni na nyongani, na ukishaingia humo hujui Jumatatu wala Ijumaa. Swala ndizo zilizonikatia siku. Alfajiri namgeuza, namtawadhisha na maji ya vuguvugu, mkono ule uliolegea nauinua mwenyewe, kisha tunaswali, mimi mkekani, yeye kitandani vilevile alivyolala. Dini imemruhusu.

Sasa sikiliza. Mtu huyu alikuwa hawezi kuniambia anataka mto. Lakini Alhamdu ilikuwa inamtoka, yote, mpaka mwisho. Mtaalamu wa usemi akaja kunieleza kwamba maneno ya mazoea, sala na nyimbo, huweza kubaki hata mazungumzo yakipotea. Haya, ndiyo elimu yenyewe. Mimi nilitaka tu kuisikia sauti yake. Jaribu kumwimbia mama wimbo wa ibada anaoujua tangu utoto. Usimlazimishe, anzisha tu.

Na kulia, lia. Nabii Yaakubu alimlilia Yusufu hadi macho yakawa meupe, na mwenye subira ni huyohuyo. Atakayekwambia machozi ni upungufu wa imani, mpe zamu ya usiku.

Mpita Njia: Mimi si mtu wa dini, ila nilipomuuguza baba, waliokuja kufua mashuka walikuwa watu wa jumuiya yake. Wenzangu tusiosali tulituma ujumbe wa pole.

Mzee wa Zaburi: Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Mambo yaliharibika walipoanza kueleza. Kijana, kusinzia ukiwa umepiga magoti si dhambi. Eliya alichoka hadi akaomba kufa, na malaika aliyetumwa alimwachia kwanza alale na ale, safari baadaye.

Kitinda_Mimba: Asanteni. Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeanza na wimbo wa asubuhi. Kwenye kiitikio midomo ilicheza, sauti bado. Nitaendelea. Ila wewe ulipotaka kutoka, nani alibaki na mzee? Mimi ibadani sijakanyaga tangu mama augue.

Bi Mkubwa: Marahaba mwanangu. Shemeji yangu, siku ya darsa letu la wanawake. Naye alikuwa wa "nawaombea" kila siku kwenye simu. Nikamwambia dua nimepokea, sasa Alhamisi njoo saa nane, na nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza. Hao wanaokwambia "omba" wape siku na saa, mmojammoja. Wengine hawajui tu waanzie wapi.