Simu inazima ikiwa na asilimia 34: nibadilishe betri au ninunue mpya?

Mjukuu

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri kabla sijafanya uamuzi wa kuujutia.

Simu yangu nimekaa nayo miaka minne na miezi kadhaa. Kioo hakina ufa, spika inasikika vizuri, kamera inanitosha kabisa. Shida ilianza kama miezi mitatu iliyopita: inazima ghafla wakati chaji bado ipo. Mwanzoni ilizima ikifika asilimia 12, nikaona ni kawaida ya simu iliyotumika. Ikaja 20. Sasa inazima hata ikiwa na 34, na nikichomeka chaja inawaka na kuniambia ina 31, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kilichoniumiza ni cha juzi. Nilikuwa namrekodi bibi yangu. Ana miaka 86, macho yamefifia lakini kumbukumbu anazo zote, na kwa wiki kadhaa nilikuwa namwomba anisimulie safari aliyotembea kwa miguu na mama yake akiwa mtoto. Kila mara ananiambia kesho. Juzi akaanza mwenyewe, bila kuombwa. Nikaiweka simu juu ya takia karibu na mdomo wake, ikiwa na asilimia 41. Akasimulia kama dakika ishirini na tano. Alipofika mahali pa kuvuka mto akawa ananionyesha kina cha maji kwa kiganja, kwanza kiunoni, halafu kifuani, halafu hapa chini ya kidevu. Nikataka picha ya ule mkono. Nikafungua kamera, mwanga ukawaka, simu ikazima papo hapo.

Bibi hakujua, akaendelea kusimulia. Nami sikuwa na moyo wa kumkatiza. Nilipoiwasha baadaye nikakuta faili la sauti lipo, lakini halifunguki.

Shemeji yangu anasema simu ya miaka minne ni ya kuweka pembeni, na kwamba kampuni zenyewe huzidhoofisha simu za zamani ili watu wanunue mpya. Rafiki yangu anasema ni betri tu. Tatizo ni kwamba simu yangu ya kabla ya hii niliibadilishia betri, na baada ya wiki sita ikawa mbaya kuliko mwanzo, nikaitupa. Kwa hiyo naogopa kurudia kosa. Mnaonaje, hii ni betri kweli au ni bodi, ule ubao wa umeme wa ndani ya simu? Na simu ya umri huu inafaa kugharamiwa?

---

Fundi Bisibisi

Pole sana ndugu yangu. Kwanza usilifute hilo faili. Wapo humu wanaojua mambo ya mafaili kuliko mimi, watakusaidia. Mimi niseme la betri, maana ndiyo kazi ninayoishika kila siku.

Hiyo asilimia inayoandikwa juu ya kioo ni makisio. Simu inahesabu umeme ulioingia na uliotoka, inaangalia na volti, halafu inakupa namba. Betri ya lithiamu ikijaa inakuwa na volti kama 4.2, na muda mwingi wa matumizi inakaa karibu na 3.7. Ikizeeka mambo mawili hutokea. La kwanza watu wote wanalijua: inabeba chaji kidogo kuliko zamani. La pili ndilo linalokusumbua wewe: ukinzani wa ndani unaongezeka, yaani umeme umo lakini unatoka kwa shida. Simu ikiwa imetulia inarekodi sauti inaomba umeme kidogo, betri inamudu. Ukifungua kamera na mwanga wake kwa mpigo mmoja, inaombwa umeme mwingi kwa sehemu ya sekunde, volti inaporomoka, na simu inajizima kwa sababu haiwezi kufanya kazi chini ya kiwango fulani. Mzigo ukiondoka volti inapanda tena. Ndiyo maana ukichomeka chaja unaikuta 31. Kwa maelezo yako, bila hata kuishika hiyo simu, naelekea kwenye betri.

Jipime mwenyewe kabla ya kumwona fundi. Chomeka chaja, fungua kamera, washa mwanga, rekodi video dakika kumi. Ikizima hata ikiwa kwenye chaja, hapo bodi nayo iangaliwe. Ikivumilia kwenye chaja na kuzima ukichomoa, jibu umelipata. Halafu iweke kifudifudi juu ya meza iliyonyooka, uangalie ubavuni kwa tochi. Kama kioo kimeanza kuachana na fremu hata kwa uwazi wa unywele, betri imevimba. Hapo usiichaji tena, usiiminye, na usilale nayo chumbani. Ipeleke ikatolewe.

Kuhusu maneno ya shemeji, ana nusu ya habari, na nusu aliyoikosa ndiyo muhimu. Januari 2017 Apple walitoa sasisho, iOS 10.2.1, lililopunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Desemba mwaka huohuo wakakiri. Sababu waliyoitoa ni kuzuia simu zisizime ghafla, yaani ugonjwa uleule wa simu yako. Kitaalamu sababu hiyo ina mashiko. Kosa lao kubwa ni kukaa kimya. Mtu aliona simu yake inajikokota, akaamini imezeeka, akaenda kununua nyingine, kumbe betri mpya ingeirudishia kasi yake yote. Mwaka 2018 walishusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Mimi hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu nawaona watu wanaacha simu nzima nzima kwa ajili ya kifaa kimoja kilichokusudiwa tangu mwanzo kuchakaa.

Sasa kuhusu ile simu yako ya zamani iliyoharibika baada ya wiki sita. Nina hakika kiasi kwamba uliwekewa betri bandia, au halisi iliyokaa dukani miaka. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa imelala kwenye boksi lake. Mwombe fundi akuonyeshe betri kabla hajaifunga, usome tarehe ya kutengenezwa. Tazama na uwezo ulioandikwa. Kama ya kiwandani ilikuwa mAh 4000 na anayokupa ina umbo lilelile lakini imeandikwa 6000, hiyo kataa palepale. Nafasi ni ileile, umeme wa ziada umekaa wapi?

Na mwangalie anavyoitoa ya zamani. Betri imegandishwa kwa gundi. Fundi makini anapasha joto kidogo, anavuta utepe wa gundi au anaingiza kibanzi cha plastiki taratibu. Ukimwona anachokonoa kwa bisibisi ya chuma, chukua simu yako uondoke. Betri ikitobolewa inawaka moto. Kitu cha mwisho: simu ikishafunguliwa, usiiamini tena kwenye maji hata kama ilisifiwa kwamba haiingii maji, labda fundi arudishie gundi ya ukingoni ya kufaa.

---

Mlinzi

Fundi ameeleza vizuri na simpingi kwenye betri. Ila hakuuliza swali ambalo mimi ningeanza nalo: simu hiyo bado inapokea masasisho ya usalama?

Ingia kwenye mipangilio, tafuta taarifa za simu, usome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni ya mwaka juzi, utakuwa umeweka betri mpya kwenye nyumba isiyo na kitasa. Yalinikuta. Nilikuwa na simu ninayoipenda, nikaibadilishia betri, miezi minne baadaye programu ya benki ikakataa kufunguka kwa sababu mfumo ulikuwa wa zamani mno. Simu nzima, betri nzima, na haikunifaa kwa kazi niliyoinunulia.

Siku hizi hali imekuwa nafuu kwa wanaonunua mpya. Google waliahidi miaka 7 ya masasisho walipotoa Pixel 8 Oktoba 2023, na Samsung wakafuata na Galaxy S24 Januari 2024. Lakini ahadi hizo hazirudi nyuma kwa simu zote zilizotoka kabla, na za bei ya chini zina muda wao tofauti. Kwa hiyo mimi ushauri wangu unategemea hiyo tarehe. Kama ni ya karibuni, badilisha betri. Kama imeachwa, betri bado inaweza kufaa, lakini ibaki simu ya kurekodi bibi na kupiga picha, mambo ya pesa yahamie kwingine.

---

Kobe

Kuhusu faili: kama limeishia na m4a au mp4, matumaini yapo. Mafaili ya aina hiyo mara nyingi huandika "ramani" yake mwishoni, unapobonyeza kusimamisha kurekodi. Simu ikizima ghafla, sauti inakuwa imeshaandikwa lakini ramani haipo, ndiyo maana haifunguki. Angalia ukubwa wa faili. Kama ni sifuri, pole. Kama ni megabaiti kadhaa, sauti imo humo.

Lihamishie kwenye kompyuta, ufanye kazi kwenye nakala tu. Halafu rekodi faili jingine fupi lenye afya kwa simu ileile na programu ileile, bila kugusa mipangilio ya ubora. Zipo programu za bure, mojawapo inaitwa untrunc, zinazosoma hilo faili lenye afya kama mfano na kulijengea ramani lile lililovunjika. Kuanzia sasa rekodi vipande vya dakika kumi kumi, na uzime kamera kabisa wakati wa kurekodi.

Halafu hilo takia. Simu inapumua joto kwa mgongo wake, na joto ndilo linaloua betri kuliko kitu kingine. Iweke juu ya meza au kitabu.

Nami nikumbushe kwamba zamani betri tulikuwa tunaitoa wenyewe, unaingiza ukucha chini ya mfuniko basi. Umoja wa Ulaya umeanza kuwabana watengenezaji: simu zinazoingizwa sokoni huko tangu tarehe 20 Juni 2025 zinatakiwa betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800 ya kuchaji, na vipuri vipatikane miaka 7 baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa. Natamani tufaidike sote, kwa sababu kiwanda hakitatengeneza simu mbili tofauti kirahisi.

---

Mjukuu

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nimefanya jaribio la Fundi: kwenye chaja imerekodi video dakika kumi bila kutetereka. Nikachomoa ikiwa na 52, nikawasha kamera na mwanga, dakika ya tatu ikazima. Ubavuni sijaona uwazi. Sasisho la mwisho la usalama ni la miezi miwili iliyopita, na mtengenezaji ameandika kwamba litaendelea kwa mwaka mmoja na nusu zaidi. Faili lina megabaiti 19.

---

Fundi Bisibisi

Basi ni betri. Mwaka mmoja na nusu ni muda mzuri, badilisha. Kabla ya kuipeleka, hifadhi kila kitu chako mahali pengine, na uipeleke ikiwa na chaji ndogo, chini ya asilimia 25. Betri yenye chaji kidogo ina hatari ndogo ikitokea ikajeruhiwa wakati wa kuitoa.

---

Mlinzi

Megabaiti 19! Fuata maelekezo ya Kobe. Usiishie njiani.

---

Mjukuu

Nimerudi baada ya siku tisa.

Betri nimebadilisha. Fundi wa kwanza alikataa kunionyesha tarehe, nikaondoka. Wa pili aliitoa kwenye pakiti mbele yangu, ya miezi mitano iliyopita, uwezo sawasawa na ile ya kiwandani. Akapasha mgongo wa simu, akavuta tepe mbili za gundi polepole, moja ikakatika, akatumia uzi mwembamba kumalizia. Ya zamani aliiweka kwenye kopo lenye mchanga. Ilikuwa imenyanyuka kidogo katikati, kama mkate ulioanza kuumuka, nami kwa nje sikuona kitu.

Kwa sasa nawasha kamera ikiwa na asilimia 9 na haizimi.

Faili tulihangaika nalo jioni mbili, mimi na binamu yangu. Mara ya kwanza ilitoka milio tu, kwa sababu faili la mfano nilikuwa nimelirekodi kwa ubora tofauti. Tukarekodi jingine, tukajaribu tena. Kobe, Mungu akubariki. Zimetoka dakika 24 na sekunde 10. Sauti ya bibi ipo safi, hadi kuku wa nje wanasikika. Inakatika anaposema, "maji yakafika hapa," na bila ule mkono msikilizaji hatajua ni wapi.

Nimeweka nakala kwenye kompyuta na nyingine kwa binamu. Leo jioni naenda kumwomba bibi aanzie hapo kwenye mto, simu ikiwa juu ya meza.