Simu kuukuu kuwa rimoti ya muziki, TV ikiwa imezimwa

Sikio_Moja:
Wakuu, naomba msaada. Nina amplifaya ya zamani, zile za kuchomeka waya mwekundu na mweupe kwa nyuma. Nyimbo zangu zipo kwenye diski ya nje, diski ipo kwenye Raspberry Pi 4 (kikompyuta kidogo) yenye Kodi, programu ya kupiga muziki na video, Pi imeunganishwa na TV kwa HDMI, na TV ndiyo inapeleka sauti kwenye amplifaya. Maana yake nikitaka kuruka wimbo mmoja tu, lazima limwangaza lote lile liwake sebuleni. Sitaki picha mie, nataka muziki!

Nimejaribu kurusha kwa Bluetooth kutoka kwenye simu yangu. Nikipigiwa, muziki unakatika. Nikienda chumba cha pili na simu mfukoni, inaanza kukwaruza. Ninayo simu nyingine kuukuu, haina laini, kioo kimepasuka pembeni ila Wi-Fi inashika. Inaweza kukaa mezani ikawa rimoti tu?

FundiWaya:
Inaweza, na vifaa karibu vyote unavyo. Kwenye Bluetooth simu yenyewe ndiyo inayopiga muziki, spika inapokea tu, kwa hiyo kila linaloipata simu linaupata na muziki. Wewe unataka simu itume amri, Pi ipige.

Ingia kwenye mipangilio ya Kodi, sehemu ya huduma, ruhusu kuongozwa kupitia HTTP, yaani kwa mtandao wa nyumbani. Namba ya mlango wake (port) kwa kawaida ni 8080. Weka nenosiri. Kwenye simu pakua Kore, programu rasmi ya Kodi kwa Android. Hapo hata simu ikizimika katikati ya wimbo, muziki hautajua.

Ila tatizo lako kubwa ni njia ya sauti. Maadamu inapitia TV, TV itaendelea kuwaka. Pi 4 ina tundu la 3.5 mm, toa waya hapo moja kwa moja hadi kwenye amplifaya, kisha ndani ya Kodi badilisha kifaa cha kutolea sauti. Tundu hilo si safi sana, ukiwa na sikio kali utasikia kelele kwa chini. Kadi ya sauti ya USB, kile kifaa kidogo cha kutolea sauti kinachochomekwa kwenye Pi, inamaliza hilo.

Mpita_Njia:
Si anunue simu yenye infraredi, ule mwanga wa rimoti za TV, yaishe?

FundiWaya:
@Mpita_Njia infraredi inataka kuonana uso kwa uso na kifaa, haipiti ukuta. Halafu rimoti ya namna hiyo haikuonyeshi orodha ya albamu.

Sikio_Moja:
Fundi, imekubali! TV imezimwa, muziki unalia, albamu zote naziona na picha zake. Lakini asubuhi Kore inasema haioni kitu. Pia kitufe cha sauti cha amplifaya ni cha kuzungusha kwa mkono, simu haikifikii.

FundiWaya:
Hiyo ya asubuhi, yaelekea ruta imeipa Pi anwani mpya ya mtandao (IP), Kore inaitafuta kwenye ile ya zamani. Ingia kwenye ruta, itengee Pi anwani isiyobadilika, kisha iandike hiyo kwenye Kore. Na hakikisha simu haipo kwenye Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi huzuia vifaa vya wageni kuonana na vya ndani.

Kitufe kizungushe hadi pale ambapo hutapenda sauti izidi, ukiache hapo. Kupunguza na kuongeza fanyia kwenye Kore. Mtoto akicheza na simu, hatawapasua masikio.

BibiRedio:
Nyongeza, mwanangu. Simu kuukuu usiiache kwenye chaji usiku na mchana, betri huvimba. Ichaji, ichomoe. Ukiona mgongo wa simu umeinuka, acha kuitumia kabisa, wala usiibonyeze irudi.

Sikio_Moja:
Shikamoo Bibi, nimeichomoa sasa hivi. Fundi, anwani imeshika, hata baada ya kuzima ruta na kuiwasha. Sasa natafuta kadi ya USB, maana hizo kelele za chini ulizotaja nimeanza kuzisikia.