Cygnus imekuwa ngumu: ning'oe AHC nifunge shokapu za kawaida, au niiache?

mkazi_wa_Goba

Wakuu, habari za jioni. Nina Land Cruiser Cygnus ya 2003, injini 2UZ, yenye AHC, ule mfumo wa mafuta unaopandisha na kushusha gari. Kwa swichi bado inapanda na kushuka, ila kwa uvivu, na hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Shida ni ugumu: matuta ya Bagamoyo Road unayapokea yote mgongoni kama uko kwenye mkokoteni, na ile swichi ya kuchagua laini au ngumu haibadilishi kitu. Fundi wa Ilala anasema mfumo huu ni wa watu wenye lami tupu, ung'olewe, zifungwe shokapu nne za kawaida, siku moja kazi imekwisha. Je, una faida kwa barabara zetu au nabeba mzigo wa bure? Matumizi yangu ni mjini, vumbi la Goba na Madale, na Morogoro mara mojamoja.

haidroliki_tz

Mkuu, hiyo kazi ya siku moja ikatae kwanza.

Kwenye gari hili mafuta ya AHC yanafanya kazi mbili. Kila gurudumu lina silinda, na silinda imeunganishwa na globu, yaani tufe la chuma lenye mafuta upande mmoja, naitrojeni upande wa pili, na utando wa mpira katikati. Ukipiga tuta, mafuta yanasukumwa kwenda kwenye globu na naitrojeni ndiyo inayobonyea. Njiani kuna vali yenye mota ndogo inayobana au kulegeza mkondo kwa hatua 16, kila gurudumu kivyake. Hapo ndipo ulaini wa Cygnus unapotoka. Naitrojeni ikivuja kupitia utando, mafuta hayana pa kwenda, kwa hiyo hata vali ifunguke yote gari litabaki gumu. Ndiyo maana swichi yako "haifanyi kazi" na taa haiwaki: kompyuta haina sensa ya kupima gesi.

Kazi ya pili ndiyo fundi wako ameisahau. Mafuta hayo hubeba sehemu ya uzito wa gari, na kwa sababu hiyo Toyota waliweka tosheni baa za mbele (vyuma vinavyojipinda na kufanya kazi ya springi) na springi za nyuma laini kuliko za Land Cruiser 100 isiyo na AHC. Ukifunga shokapu za kawaida ukaziacha springi hizo, gari litakaa chini na kugonga stopa kila shimo. Baada ya miezi utaambiwa ubadilishe bushi, wakati kosa lilikuwa springi.

Kabla ya kununua chochote, pima globu. Haihitaji mashine. Simamisha gari sehemu tambarare, injini ikiwaka, lishushe mpaka L (kimo cha chini), subiri litulie, kisha tia alama kwenye tangi la plastiki la mafuta ya AHC, lile lenye mistari ubavuni. Lipandishe mpaka HI (kimo cha juu), subiri tena, usome mafuta yameshuka mistari mingapi. Globu mpya hutoa mistari kama 14. Ikifika 7 au chini yake, globu zimekwisha.

Pili, tafuta gereji yenye Techstream, programu ya Toyota ya kusoma kompyuta ya gari, wakusomee presha. Isomwe baada ya gari kupanda kutoka L kwenda N (kimo cha kawaida), la sivyo utapewa namba ya zamani. Mbele lenga 6.9 MPa, nyuma iwe kati ya 5.6 na 6.7 kutegemea wese lililomo kwenye tangi. Ikizidi, maana yake springi zimechoka na mafuta yanabeba kuliko yalivyopangiwa. Hiyo peke yake inafanya gari gumu na inaziua globu mapema.

BintiGerezani

Nakubaliana na kaka hapo juu, ila tusilifanye kuwa dini. Kuna magari ambayo kung'oa ni sahihi: yenye bampa la chuma na winchi mbele, keria iliyojaa juu, au linaloishi mikoani ambako kupata Techstream ni safari. Uzito wa kudumu unapandisha presha, na ikizidi sana mfumo unakataa kupanda HI. Hapo springi nzito za kawaida ni jibu.

Lakini kung'oa kwa haki ni orodha hii: tosheni baa mbili za 100 ya kawaida, springi mbili za nyuma, shokapu nne, bushi zake, kuziba mabomba, kutoa fyuzi ya AHC ili pampu isijaribu kunyanyua gari hewani, kisha alaimenti. Linganisha mashikio ya shokapu mpya na ya zile za zamani kabla hujalipa. Ukijumlisha utaona haijapishana mbali na globu nne.

Globu za mbele na za nyuma zina namba tofauti, usikubali nne zinazofanana. Na hizi "used toka Japan" sipendi kuziuza: ni chuma safi kwa nje, utando una umri sawa na wa kwako, na hakuna vali ya kujazia gesi. Wapo wanaotoboa na kuchomea vali. Shauri yao.

driver_wa_Mbezi

Samahani kudandia. Nina Prado 150 TZ-G yenye AVS (shokapu zinazorekebishwa kwa umeme), shokapu moja ya mbele inavuja. Nalo ni hivyohivyo?

haidroliki_tz

Hapana mkuu. Kwenye Prado hiyo springi ya mbele inabeba uzito wote, shokapu inazuia kuruka tu na mota yake iko juu. Ukifunga ya kawaida gari halitashuka, utapoteza marekebisho na kupata taa. Funga mbili kwa pamoja, usichanganye.

mkazi_wa_Goba

Nimerudi na majibu. Kutoka L hadi HI mafuta yameshuka mistari 5. Presha mbele 8.1, nyuma 6.6, tangi la wese limejaa. Mafuta ya AHC ni meusi kabisa. Nianzie wapi?

haidroliki_tz

Nyuma uko salama, usiguse springi. Mbele ndiko kwenye kazi, na globu zote nne zimekufa.

Anza na tosheni baa, kwa sababu globu mpya kwenye presha 8.1 zitaharibika mapema. Pima kwanza kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa mdomo wa fenda, gari likiwa N: mbele iwe karibu 500 mm, nyuma 520. Zikiwa mbali na hapo, sensa za kimo zirekebishwe kabla ya kugusa bolti, maana presha inafuata kimo. Kuna sensa tatu, mbili mbele na moja nyuma, na kwa hewa yetu ya chumvi fimbo zake hushika kutu, kwa hiyo zichezeshe kwa mkono uone kama ni nyepesi.

Kisha zima injini, nyanyua mbele, weka stendi. Bolti ya kurekebisha inachukua soketi ya 30. Isugue nyuzi kwa brashi ya waya na uipake grisi, ikikatika utaijutia. Mzunguko mmoja kamili kila upande unapunguza kama 0.2 MPa. Wewe unahitaji kushusha 1.2, yaani karibu mizunguko sita kila upande, ila anza kwa kukaza mitatu upande wa kulia na mitatu upande wa kushoto, shusha gari, endesha kidogo, soma upya, ndipo uendelee. Nyuzi zikiisha kabla hujafika, baa zitolewe na meno yake yasogezwe, au zibadilishwe.

Globu zifuate. Shusha gari mpaka L, zima, na fungua nipeli (skurubu ya kutolea hewa na mafuta) ya kila kona taratibu ukiwa na mpira unaoingia kwenye chupa. Ndani kuna presha ya karibu 7 MPa, na gari linashuka ukiwa unafungua, kwa hiyo hakuna kichwa wala mkono chini ya bodi bila stendi. Globu inafunguliwa kwa spana ya mnyororo. Oringi mpya kila moja, ipakwe mafuta ya AHC yenyewe.

BintiGerezani

Na mafuta hayo ni 08886-01805, kopo la lita 2.5, moja linakutosha kwa kusafisha. Usikubali ATF (mafuta ya gia otomatiki) wala mafuta ya breki. Toa hewa kona zote nne, ukimalizia na akumuleta (chupa inayotunza presha ya pampu), na tangi lisikauke katikati, vinginevyo pampu inavuta hewa na mnaanza upya. Ukimaliza rudia ule mtihani wa mistari. Ukipata chini ya 12 na globu ni mpya, bado kuna hewa ndani. Usimlipe fundi kwanza.