Colorado 2024: nisaidieni na maswali ya JJ na 127 kabla sijajaza karatasi ya kura

mpanda_mlima
Hamjambo wadau. Nipo Colorado, na hii ni kura yangu ya kwanza tangu nile kiapo cha uraia. Karatasi imeshafika nyumbani kwa posta. Urais sina shida nao, kinachoniumiza kichwa ni yale maswali ya kura ya maoni. Wikendi zangu ni milima, kambi na kuvua samaki aina ya trauti, kwa hiyo JJ (maji) na 127 (kuwinda puma, yule paka mkubwa wa mwituni) zinanigusa. Hiyo 127 nikiisoma sijui hata "Ndiyo" inamlinda puma au mwindaji!

mama_aurora
Hongera kaka. Huku hakuna ndizi (Ndiyo) wala chungwa (La) ya kukuongoza kama kura ya maoni ya Kenya 2005, lol. Jiulize tu: "Ndiyo" ikishinda, sheria gani inabadilika? Kwa 127, Ndiyo inapiga marufuku kuwinda puma, bobkati na linksi (hao wawili nao ni paka mwitu). "La" ikishinda, mambo yanabaki yalivyo. Na linksi tayari ni marufuku kumwinda; kwa maoni yangu wamemtia humo kuvuta huruma tu.

ndoano
JJ ni nyepesi. 2019 tulipitisha kamari ya michezo, kodi asilimia 10, pesa nyingi ziende kwenye miradi ya maji. Kikomo cha kodi hiyo ambayo jimbo linaweza kubaki nayo ni dola milioni 29 kwa mwaka. JJ ikianguka, ziada inarudishwa kwa makasino. Ikipita, inabaki kwenye maji. Mto ukikauka utamvua wapi huyo trauti? Mimi Ndiyo.
127 naipinga. Idara ya mbuga na wanyamapori ya jimbo inategemea sana leseni zetu wavuvi na wawindaji, na ndiyo inayopanga idadi ya puma wa kuwindwa. Waachiwe wataalamu.

mama_aurora
@ndoano mbona mbwa mwitu 2020 hatukuwaachia wataalamu? Swali la 114, la kuwarudisha hapa jimboni, lilipita kwa tofauti ndogo, na Desemba 2023 wakaachiliwa 10.

ndoano
Nenda kawaulize wafugaji wa Grand County, hapa hapa Colorado, waliouliwa ng'ombe na mbwa mwitu hao.

baridi_kali
Mlioko Minnesota kama mimi, angalieni sana. Swali letu la pesa za bahati nasibu kwenda kwenye mazingira ni la katiba, na ukiliacha wazi ni sawa na kupiga La. Colorado ukiacha wazi, haihesabiwi upande wowote.

mpanda_mlima
Asanteni. JJ nimeielewa, 127 bado nawaza. Kile kitabu cha buluu kilichokuja kwa posta kina maana, au ni kampeni?

mama_aurora
Kisome. Kinaandaliwa na watumishi wa bunge la jimbo, hoja za pande zote mbili zimo. Vipeperushi ndivyo vya kutilia shaka. Soma yale maandishi madogo uone nani kalipia. Halafu saini bahasha. Lazima iwafikie maafisa wa uchaguzi kabla ya saa moja usiku Novemba 5, tarehe ya muhuri wa posta haihesabiwi. Kama umechelewa kuituma kwa posta, itumbukize kwenye sanduku la kura la kaunti.