Nigeria waliipanguaje tuzo ya P&ID?

mtaa_wa_pili: Wakuu naombeni msaada, mi najua tuzo ya usuluhishi (uamuzi wa wasuluhishi binafsi waliokubaliwa na pande zote, nje ya korti) ikishatoka ndo basi, sasa Nigeria walipigwa dola bilioni 6.6 mwaka 2017 wailipe P&ID, kampuni waliyoingia nayo mkataba wa kiwanda cha gesi, riba ikapandisha hadi zaidi ya bilioni 11, halafu 2023 korti ya London ikasema hapana. Inakuaje?

kaka_mkuu: Usuluhishi ulikaa London, so kifungu cha 68 cha sheria ya usuluhishi ya Uingereza ya 1996, kinachoruhusu tuzo ipingwe kortini kama kuna kasoro kubwa, ndo kiliwaokoa Nigeria. Jaji Knowles alikuta kuna afisa wa wizara ya mafuta kahongwa, na kampuni ilikuwa inashikilia nyaraka za siri za mawakili wa Nigeria kesi ikiendelea! Inauma, kiwanda chenyewe cha gesi hakikujengwa kabisa.

binti_pwani: Na siku 28 za kupinga zilishapita zamani, wakaongezewa muda 2020. Wangekosa hapo, Mkataba wa New York wa 1958 (nchi nyingi zilikubaliana kutekeleza tuzo za usuluhishi za nje) ungeruhusu mali zao zifuatwe nchi kibao.