Fundi kanifunikia dimbwi kwa nyasi bandia, sasa anasema kosa ni la udongo wangu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mvua ilikatika jana jioni. Leo mchana, jua likiwa kali, ukikanyaga katikati ya ua wangu zulia linabonyea kama godoro na maji yanabubujika juu, kati ya majani ya plastiki. Watoto wamekatazwa kutoka nje. Hizi ndizo nyasi bandia nilizowekewa ili kumaliza tatizo la maji kutuama.

Ua wangu ni mfinyanzi mtupu. Wakati wa jua kali unapasuka nyufa za kuingiza vidole, mvua ikinyesha unanata kwenye viatu mpaka miguu inakuwa mizito. Nyasi za kawaida nimepanda mara tatu, na mara zote tatu mizizi ikaoza. Kwa hiyo huyu fundi sikumwita kwa ajili ya urembo. Nilimtembeza, nikamwonyesha pale maji yanapokaa siku tatu nne, nikamwambia shida yangu ni hii. Akanijibu, "Mama, ondoa shaka. Nyasi hizi zina matundu kwa chini, maji yanapita moja kwa moja." Akatoa kipande cha sampuli, akakishika juu juu na kukimiminia chupa nzima ya maji. Kweli yakapita yote. Nikaamini, nikalipa pesa yote kabla kazi haijaisha. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Maana kile kipande alikishika hewani! Chini yake hakukuwa na udongo wangu. Nilipaswa kumuuliza pale pale: yakishapita, yanakwenda wapi?

Jumamosi nilichomoa misumari ya kona moja nikafunua. Mgongo wa zulia ni mweusi, una vitundu vidogo kila baada ya sentimita kumi hivi, na vyote viko wazi. Zulia halina kosa. Chini yake kuna mchanga. Nilichomeka kidole, kikagota kabla hakijazama chote. Mchanga wa sentimita tatu, umelowa chepechepe, una rangi ya kijivu na unanuka kama yai viza. Nikaukwangua pembeni, nikakutana na mfinyanzi wenyewe, laini, unang'aa, alama za sepeto lake bado zinaonekana kama jana. Hakuna kokoto hata moja, wala kitambaa cha kutenganisha udongo, wala bomba. Nikaweka pima maji juu ya ubao mrefu: ua karibu wote umelala sawa, ila upande wa ukutani umeshuka kidogo kuelekea nyumba. Kuelekea nyumba, wakuu!

Jamani, udongo huu jina lenyewe linakwambia. Ndio watu wanaofinyangia mitungi, na mtungi kazi yake ni kushika maji. Chembe zake hazifiki milimita 0.002, zikishalowa zinavimba na kubanana. Vipimo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, vinasema mchanga humeza zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa, mfinyanzi milimita 1 hadi 5 tu. Ua wangu una mita za mraba 60. Mvua ya milimita 20 ikipiga kwa saa moja, hizo ni lita 1,200 zinazopita kwenye vile vitundu vyake na kukaa juu ya sakafu ya mtungi. Zamani angalau jua na upepo vilikuwa vinalipiga dimbwi moja kwa moja likakauka. Sasa kalifunika.

Kazi yenyewe inajulikana, na haihitaji maajabu. Unachimba na kuondoa mfinyanzi sentimita 15 hadi 20. Unaupa mteremko, sentimita 1 kwa kila mita ikiwa ni kidogo, uelekee mbali na nyumba. Unatandika kitambaa cha kuchuja ili tope lisipande kwenye mawe, unamwaga mawe yaliyopondwa yenye kona kali, yasiyo na vumbi jingi, sentimita 10 hadi 15, unayashindilia kwa mashine tabaka kwa tabaka. Na kwa ua kama wangu, sehemu ya chini kabisa unachimba mfereji, unalaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, linatoa maji hadi mahali palipo chini zaidi. Zulia linakuja mwisho. Yeye kaanza na mwisho, akaishia hapo hapo.

Nilimpigia, akaja na mtaimbo. Akatoboa mashimo kama ishirini kwenye mfinyanzi, eti maji yapate njia. Njia ya kwenda wapi, ikiwa chini ya mfinyanzi kuna mfinyanzi? Mvua iliyofuata mashimo yote yakajaa mpaka juu, yakabaki hivyo. Nikajaribu mwenyewe: nikachimba shimo la sentimita 30, nikalijaza maji mara ya kwanza yakanywewa polepole, nikalijaza tena jioni. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole viwili. Jaribio hilo la ndoo mbili za maji angelifanya yeye siku ya kwanza, kabla hajagusa pesa yangu.

Mara ya pili alipokuja alisema tuongeze mchanga juu. Nilipokataa akatamka maneno yaliyonifanya nifungue uzi huu: "Mama, kazi yangu iko sawa, tatizo ni udongo wako." Udongo wangu! Si ndio niliokuitia? Si ndio niliokuonyesha kwa kidole? Tangu siku hiyo simu yangu hapokei.

Nimeshapiga picha kila kitu: mchanga, pima maji, shimo lenye maji ya usiku kucha. Na ujumbe wake wa "maji yanapita moja kwa moja" ninao, aliurudia kwa maandishi. Ninachotaka ni kimoja kati ya viwili: aje akunje zulia lake, achimbe, aweke mawe na bomba kwa gharama yake, au anirudishie pesa nimwite anayeijua kazi. Aliyewahi kumbana fundi wa namna hii akarudi site, naomba aniambie alianzia wapi. Mawingu yameshajikusanya tena.